Je, Wajua? Kutoka Meza ya Karani wa Tanga Hadi Kiti cha Spika

Ukitaja Tanga, wengi watakujibu mkonge, machungwa ya Muheza na mapango ya Amboni. Wachache watakutajia Bunge. Hata hivyo pwani hii ya kaskazini imetoa makarani, walimu, makadhi na wanasheria waliofika mbali katika kazi ya kutunga sheria, na wengine walifika kabla nchi haijawa na Bunge lake yenyewe. Soma, kisha umsimulie jirani.

Mbondei aliyekalia kiti cha Spika katikati ya vipindi viwili vya mtu mwingine

Chifu Erasto Mang'enya, Mbondei kutoka nchi ya Bonde iliyo leo wilayani Muheza, alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania kuanzia Novemba 1973 hadi Novemba 1975. Aliyemtangulia ni Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa yule Mkwawa wa Uhehe aliyepigana na Wajerumani. Na aliyempokea? Adam Sapi huyohuyo, ambaye safari hii alikaa hadi 1994! Ukichukua miaka yote kuanzia 1962 hadi 1994, ni hiyo miwili tu ambayo kiti kile hakikuwa cha mtu wa Iringa, na aliyekikalia alitoka upande wa Tanga.

Usidhani miaka miwili ni kidogo. Mang'enya alishika usukani wiki chache tu baada ya chama tawala, TANU, kuamua, Oktoba 1973, kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka 1975 Bunge likapitisha sheria ya vijiji na vijiji vya ujamaa iliyokipa kijiji nafasi ya kisheria, na mwaka huohuo Katiba ya muda ikabadilishwa ili kuandika waziwazi kwamba chama ndicho chenye kauli ya juu. Ukikaa leo katika kijiji chenye halmashauri yake, Handeni au Mkinga, unaishi na matokeo ya mambo yaliyojadiliwa siku zile.

Tanzania ilimtangulia Mwingereza

Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Sweden ilianzisha mwaka 1809 ofisi ya mtu wa kupokea malalamiko ya raia aliyeonewa na maofisa wa serikali. Kwa zaidi ya miaka 100 wazo hilo halikutoka nje ya nchi za kaskazini ya Ulaya. New Zealand ililichukua 1962. Uingereza, iliyojiona mama wa mabunge yote, ilipitisha sheria yake mwaka 1967. Tanzania ilikuwa imeshaipita: Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilianzishwa 1966, ikawa ya kwanza barani Afrika.

Na mwenyekiti wake wa mwanzo alikuwa nani? Mang'enya wetu wa Bonde.

Zingatia jambo moja la ajabu. Mtu huyu hakuwa wakili wala hakimu. Alikuwa mwalimu na mtumishi wa serikali tangu enzi za Waingereza. Baada ya Uhuru akaiwakilisha Tanganyika katika Umoja wa Mataifa, New York, kisha akapewa kazi ya kumsikiliza raia anayelalamika kwamba ofisa amemnyima haki, amemzungusha au amemtisha. Na si maofisa wa serikali peke yao waliokuwa wakichunguzwa, hata viongozi wa chama tawala waliweza kushtakiwa mbele ya Tume. Mwananchi hakuhitaji wakili. Tume ilifuatilia shauri lake, kisha taarifa ikapelekwa kwa Rais, ambaye ndiye aliyeamua hatua ya kuchukua. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wake: meno yote yalikuwa kinywani mwa mtu mmoja. Lakini kwa mkulima asiyejua mlango wa mahakama uko wapi, kusikilizwa na tume iliyotajwa ndani ya Katiba lilikuwa jambo zito. Kazi hiyo leo iko chini ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyochukua nafasi yake mwaka 2001.

Mang'enya aliyaandika maisha yake katika kitabu kilichotolewa na Dar es Salaam University Press mwaka 1984, *Discipline and Tears*. Ukikipata, usikiachie.

Karani wa Tanga alihojiwa na Bunge la Uingereza

Mwaka 1931 Waafrika watatu walisafiri kutoka Tanganyika hadi London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya pamoja ya mabaraza yote mawili ya Bunge la Uingereza. Wawili walitoka bara: Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba. Wa tatu alikuwa Martin Kayamba, Mbondei, karani mkuu katika ofisi ya serikali ya Tanga.

Swali lililokuwa mezani halikuwa dogo. Kulikuwa na mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na hofu kubwa ilikuwa kwamba walowezi wa Kenya wangezitawala nchi zote tatu. Baada ya kuwasikiliza mashahidi wa kila aina, kamati ilisema wakati wa kuunganisha haujafika, na mpango ukawekwa kando. Sitasema karani mmoja ndiye aliyeuzuia. Lakini sauti ya Tanga ilikuwa ndani ya chumba kile, miaka 30 kabla ya Uhuru.

Kayamba hakuwa mtu wa kawaida. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma kwa wamisheni wa UMCA huko Kiungani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alikuwa katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, nao wakamfunga Tabora kwa kumshuku kuwa mtu wa Waingereza. Alipofunguliwa akaingia kazini Tanga, akapanda ngazi kwa kalamu yake. Na aliporudi kutoka London hakukaa kimya: mwaka 1932 kikatoka kitabu chake cha Kiswahili, *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Kwa hiyo tunaye Mwafrika aliyeitazama London na kuieleza kwa Kiswahili wakati ambapo vitabu karibu vyote vilisafiri upande wa pili, Wazungu wakiieleza Afrika.

Mizizi ya TANU ina tawi Tanga

Machi 1922, Kayamba na wenzake walianzisha mjini Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Wanachama walikutana kusoma magazeti, kucheza mpira na kuzungumzia maslahi yao, na ndani yake walikuwamo Waislamu na Wakristo pamoja. Miaka 7 baadaye kikazaliwa Dar es Salaam chama kipana zaidi, African Association, kilichogeuka Tanganyika African Association (TAA) na hatimaye TANU mwaka 1954. Wanahistoria wengi wanakihesabu kile chama cha makarani wa Tanga kuwa mtangulizi.

Miaka 19 bila Mwafrika hata mmoja

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikutana mara ya kwanza Desemba 1926, Gavana Donald Cameron akiwa mwenyekiti. Wajumbe walikuwa maofisa wa serikali, Wazungu wengine na Wahindi wawili. Mwafrika hakuwamo. Waafrika wa kwanza, machifu wawili wa kuteuliwa, waliingia mwaka 1945. Mtoto aliyezaliwa Chumbageni siku baraza linafunguliwa alishakuwa kijana wa miaka 19, wa kupiga kasia peke yake, ndipo akamwona mtu wa rangi yake akiketi mahali zinapotungwa sheria za kumhukumu.

Mmoja wa machifu hao wawili alikuwa Kidaha Makwaia, mwana wa yule Makwaia aliyekwenda London pamoja na Kayamba. Mwingine alikuwa Abdiel Shangali wa Machame. Na Gavana mwenyewe aliendelea kuongoza vikao hadi 1953, mwaka ambao Spika wa kwanza aliteuliwa. Yaani kwa miaka 27 mkuu wa serikali ndiye aliyekuwa akiamua nani aseme na nani akae katika chombo cha kuihoji serikali yake!

Kitabu cha kadhi wa Tanga kilitafsiriwa na mtu aliyekuja kuwa gavana mara tatu

Kabla ya mawakili wenye shahada, pwani ilikuwa na wanasheria wake: makadhi. Mmoja wao, Sheikh Ali bin Hemed el-Buhriy, kadhi wa Tanga, aliandika kitabu juu ya sheria ya mirathi ya Kiislamu, kwa Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kikachapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya ofisa wa Kiingereza aitwaye P. E. Mitchell. Ofisa huyo baadaye alikuwa Sir Philip Mitchell, Gavana wa Uganda, kisha wa Fiji, kisha wa Kenya. Kabla ya kukabidhiwa nchi za watu, alikaa kwanza na kitabu cha kadhi wa Tanga.

Kwa nini serikali ilihangaika na kitabu hicho? Kwa sababu mirathi ni hesabu, na ukikosea hesabu umevunja nyumba ya watu. Chukua mfano. Mzee wa Pangani amefariki, hana deni wala wasia, ameacha mke, mama mzazi na mtoto mmoja wa kiume. Mke hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, kwa kuwa kuna mtoto. Mama hupata sudusi, sehemu moja ya sita. Kinachobaki ni cha mtoto. Sasa tuseme kaacha minazi 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Jumlisha, utaona haikubaki hata mmoja wa kugombewa. Badilisha warithi, weka mabinti wawili na ndugu wa baba, hesabu yote inageuka. Ofisa mgeni aliyekaa kusikiliza rufaa bila kujua haya angeweza kumnyang'anya mjane haki yake kwa kutojua tu.

Ukoo huohuo wa el-Buhriy ndio uliotoa utenzi mashuhuri wa vita vya Wajerumani pwani yetu. Sheria na ushairi nyumba moja! Mahakama za makadhi Tanzania Bara ziliondolewa katika mabadiliko ya sheria ya mahakama ya mwaka 1963, lakini mashauri ya mirathi ya Kiislamu yanaendelea kusikilizwa katika mahakama za mwanzo, na mafungu ni yaleyale.

Mpiga kura alilazimishwa kupiga kura tatu

Mwaka 1958 Jimbo la Tanga lilikuwa miongoni mwa majimbo matano ya mwanzo kupiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ukichagua mmoja ukaacha wengine, kura yako imeharibika. Na si kila mtu aliruhusiwa: ulihitaji umri wa miaka 21 na, juu yake, kipato cha pauni 150 kwa mwaka (shilingi 3,000 za siku hizo), au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Mkata mkonge wa kawaida, ambaye jasho lake ndilo lililokuwa likiitajirisha Tanga, alibaki nje ya mstari.

TANU walibishana sana Tabora, Januari 1958, kama wasusie au waingie. Wakaingia, na wagombea waliowaunga mkono wakashinda nchi nzima.

Spika wa siku ya Uhuru na fedha za mkonge

Bendera ya Tanganyika ilipopanda Desemba 1961, Spika alikuwa Abdulkarim Karimjee, mfanyabiashara wa ukoo ulioanzia biashara zake Zanzibar na kumiliki mashamba ya mkonge Tanga. Jengo walimokutana wabunge ni Karimjee Hall, Dar es Salaam, lenye jina la ukoo huohuo.

Tena mkonge wenyewe ni mgeni aliyepokewa pwani hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vipando 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62 tu, vikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na hivyo 62 likatoka zao lililoifanya Tanganyika kuongoza dunia.

Chuo Kikuu kilianza na sheria, si udaktari

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja tu: Sheria. Wanafunzi hawakuzidi 15. Nchi iliyokuwa na madaktari wachache, wahandisi wachache, iliamua kuanza na wanasheria, kwa kuwa Waafrika waliosomea fani hiyo walihesabika kwa vidole, na nchi huru haiwezi kuendelea kuazima watu wa kuandika sheria zake.

Mavuno yake tunayaona Bungeni. Samuel Sitta, Spika kuanzia 2005 hadi 2010, alisomea sheria hapo. Dk. Tulia Ackson naye, aliyekuwa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akawa Naibu Spika, akawa Spika mwaka 2022, na Oktoba 2023 akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kushika nafasi hiyo.

Nyumba ya Mwapachu

Tanga inayo familia yake ya kisheria. Hamza Mwapachu, aliyekuwa Makerere na Nyerere mwanzoni mwa miaka ya 1940, alikuwa mwenzake katika kuanzisha huko umoja wa wanafunzi wa Tanganyika. Bakari Harith Mwapachu, mwanasheria, akawa Mbunge wa Tanga Mjini na Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba katika serikali ya Rais Mkapa. Jimbo hilohilo mwaka 2020 likamchagua mwanasheria mwingine, Ummy Mwalimu.

Ndugu wa Bakari, Juma Mwapachu, alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1969, akawa balozi Ufaransa, na kuanzia 2006 hadi 2011 alikuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Cheo hicho kina jambo ambalo wengi hawalijui: Katibu Mkuu ni mjumbe wa Bunge la Afrika Mashariki kwa wadhifa wake, bila kupigiwa kura. Wakati wake Rwanda na Burundi ziliingia, wabunge wa kuchaguliwa wakaongezeka kutoka 27 hadi 45. Hesabu miaka: 1931 karani wa Tanga yuko London, nchi hizi zikipangiwa kuunganishwa na wakubwa wa nje. Miaka 75 baadaye, 2006, mwanasheria mwenye asili ya Tanga anakaa Arusha kusimamia muungano ambao nchi zenyewe zimeutaka. Natamani Kayamba angeishi aone.

Walijadili kwa Kiswahili, sheria ikaandikwa Kiingereza

Kwa miongo mingi wabunge wetu walikuwa wakichangia kwa Kiswahili fasaha juu ya miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mbunge wa kutoka Mkinga anasimama, anamsihi Waziri kwa Kiswahili, kisha mabadiliko yake yanaingizwa katika kifungu ambacho mpiga kura wake hawezi kukisoma. Ni mwaka 2021 tu ndipo sheria iliposema kwamba lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili. Kumbuka Sheikh Ali bin Hemed alishaandika sheria kwa Kiswahili pale Tanga karibu miaka 100 nyuma. Nani atasema lugha yetu haitoshi?

Spika si lazima awe mbunge

Tufunge na hili. Katiba ya Tanzania, ibara ya 84, inasema Spika atachaguliwa na wabunge kutoka miongoni mwa wabunge au watu wenye sifa za kuwa wabunge. Yaani anaweza kutoka nje kabisa. Naibu Spika, kinyume chake, lazima awe mbunge. Na sifa za ubunge hazitaji shahada: uraia, umri wa miaka 21, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na kupendekezwa na chama cha siasa. Mwenye sharti gumu ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye huwa mbunge kwa wadhifa wake: lazima awe na sifa za uwakili kwa miaka isiyopungua 15 mfululizo.

Ombi kwa msomaji wa Tanga

Kayamba tunamjua kwa sababu aliandika. Mang'enya tunamjua kwa sababu aliandika. Makarani, makatibu na wazee wa baraza waliofanya kazi pamoja nao hatuwajui, kwa kuwa karatasi zao ziko katika masanduku ya mabati Ngamiani, Muheza na Pangani, zikiliwa na mchwa. Kama babu yako alikuwa karani, mwalimu, kadhi au diwani, fungua sanduku lake wiki hii. Piga picha barua, daftari na vyeti, uandike majina nyuma ya picha kabla mzee wa mwisho anayewajua hajaondoka. Kisha peleka nakala Makumbusho ya Urithi, pale Boma la kale la Wajerumani mjini Tanga.